KICHAKA CHA MIIBA SHAMBANI: NI CHAKULA AU NI SUMU?



Katika toleo hili nataka tuongee juu ya jambo ambalo vikundi vingi hulikuta vinapopewa au kukodisha kipande cha ardhi kisicholimwa miaka mingi. Mnafika asubuhi na majembe na mapanga, na mbele yenu kuna kichaka cha miiba ambacho hakuna mtu anakijua vizuri. Kina matunda, na watoto tayari wameyaona. Je, mkate? Mle? Muache?

Nitawaeleza yaliyotokea kwa kikundi kimoja cha akina mama huko Makueni, kwa maana nilikuwepo siku hiyo na hata mimi nilikosea.

Kikundi hicho kilikuwa kimepewa karibu nusu eka nyuma ya nasari ya watoto ili waanzishe kitalu cha miche. Upande wa juu penye mawe palikuwa na kichaka kirefu kuliko mtu, kimefungamana hata kuku hapiti. Ulikuwa mwezi wa pili, na matunda yalikuwa yameiva, mekundu na meusi ya zambarau. Mwenyekiti alitaka chote kikatwe na kuchomwa siku hiyo hiyo, ati miiba itawadhuru watoto. Mama mmoja mzee akakataa kabisa. Akasema, "Hii ni mukawa. Sisi tulikua tukila hii tukichunga mbuzi. Mtakataje chakula cha watoto?" Mama mwingine, aliyeolewa hapo kutoka Nyanza, akasema kwao inaitwa ochuoga. Mwalimu wa nasari, ambaye ni Mluhya, akasema ni shikata. Tulicheka sana, kumbe mti mmoja una majina matatu na kila mtu ameula utotoni! Nikasema kwa mdomo wangu mwenyewe, "Basi tumeshaujua, kichaka kibaki." Wengine wakaanza kuchuma na kutia kwenye leso.

Aliyetusimamisha ni mzee mmoja jirani, mfuga nyuki, aliyekuwa amekuja tu kutazama kelele ni za nini. Aliingia kando ya kichaka, akavuta tawi moja, akaligeuza juu chini, akaniuliza, "Binti yangu, mwiba wa hili uko wapi?"

Tukaangalia. Lilikuwa na majani mazito ya kijani kibichi yanayong'aa, na matunda ya zambarau kama yale mengine, labda makubwa kidogo. Lakini mwiba haukuwepo hata mmoja.

Mzee akasema, "Huu si mukawa. Hiki ni kivai."

Akina mama walinyamaza kimya. Kivai ndio mti ambao wazee wa Ukambani walichemsha kupata sumu ya mishale. Leso zote zilimwagwa chini hapo hapo.

MITI MIWILI NDANI YA KICHAKA KIMOJA

Kosa letu lilikuwa dogo, lakini lingeweza kuleta msiba. Mama mzee alisema kweli, na yule wa Nyanza na mwalimu walisema kweli pia. Mukawa ulikuwepo, tena mwingi. Lakini tulikipa jina kichaka kizima, kumbe kichaka si mti mmoja. Miti hii miwili hupenda mahali pa namna moja: penye mawe, kwenye vichaka vikavu na pembeni mwa msitu. Kwa hiyo unaweza kukuta inakua pamoja, matawi ya huu yakipita katikati ya matawi ya ule. Mtoto anaona miiba, anajua ni mukawa, anaingiza mkono ndani na kuchuma tunda la tawi lisilo na mwiba.

Tena miti hii ni jamaa wa karibu. Wataalamu wa mimea wanaiweka katika ukoo mmoja. Mukawa wanauita Carissa spinarum (vitabu vya zamani vinaandika Carissa edulis). Kwa Kiswahili ni mtandamboo, Wakikuyu na Wakamba husema mukawa, Wamaasai husema olamuriaki. Kivai ni aina ya Acokanthera, na kwa Kiswahili ni msunguti. Wakikuyu wanauita murichu, Wamaasai olmorijoi. Nawaandikia majina haya yote kwa sababu vikundi vyetu siku hizi vina watu kutoka kila pembe, na jina la nyumbani kwako huenda jirani yako hajawahi kulisikia. Hata hivyo jina halitoshi. Jina ni la kuanzia maongezi, halafu ni lazima macho yafanye kazi.

Sasa angalieni jinsi miti hii inavyofanana. Yote miwili ina majani mazito, yaliyopangwa mawili mawili yakitazamana kwenye kijiti. Yote ukivunja kijani chake inatoa utomvu mweupe kama maziwa. Yote ina maua madogo meupe yenye rangi ya waridi kwa nje, na yananukia vizuri sana. Yote ina matunda yanayoanza kijani, yanakuwa mekundu, halafu yanaiva kuwa ya zambarau au meusi. Mtu akiwaambia, "Ukiona maziwa ujue ni sumu," mwambieni kwamba mukawa una maziwa na tumeula tangu zamani. Na akisema, "Mbona ndege wanakula?" mjibuni kwamba tumbo la ndege si tumbo la mtoto.

Tofauti ziko wapi basi?

Ya kwanza na kubwa ni mwiba. Mukawa una miiba migumu iliyonyooka, mara nyingi urefu wa sentimita 2 hadi 5, inayotoka pale majani yanapoanzia. Kivai hakina mwiba kabisa. Lakini hapa sikilizeni vizuri, maana ndipo watu wanateleza. Mukawa mwingine, hasa ulioota kivulini au tawi lililozeeka, una miiba michache sana. Kwa hiyo tawi lisilo na mwiba huenda ni mukawa, na huenda ni kivai. Hapo hakuna kubahatisha. Kanuni tuliyoiweka siku ile, na ambayo nawasihi muichukue, ni hii: mwiba na tunda viwe kwenye tawi moja. Shika tawi lenye tunda, lifuate kwa vidole mpaka uone mwiba uliotoka kwenye tawi hilo hilo. Mwiba wa tawi la jirani hauhesabiwi. Usipouona, tunda hilo halichumwi, hata kama nyanya yako amesema ni mukawa.

Tofauti ya pili ni mahali pa maua na matunda. Kwenye mukawa, mara nyingi maua hutoka kwa kishada kwenye ncha ya tawi. Kwenye kivai yanajibana chini ya majani, kwenye kwapa la jani, kuzunguka kijiti. Ya tatu ni ukubwa wa tunda. La mukawa ni kama sentimita moja, dogo kuliko tunda la kahawa, na ndani lina mbegu chache bapa. La kivai linaweza kufika sentimita 2. Tofauti hizi mbili ni za kusaidia tu. Matunda hayakui sawa, na mwaka wa ukame tunda la kivai nalo ni dogo. Kivai pia kinaweza kukua kuwa mti mrefu wa mita kadhaa, wakati mukawa kawaida hubaki kichaka, au hupanda juu ya miti mingine.

SUMU YENYEWE

Wazee walichemsha vipande vya mti na mizizi kwa saa nyingi mpaka vikabaki kama lami nyeusi, wakapaka kwenye mshale nyuma ya ncha. Kazi hiyo ilijulikana Ukambani, na huko pwani kwa Wagiriama vilevile. Uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu mwaka 1977, na vijana wengi leo hawajawahi kuona mti huu ukitumiwa. Hiyo ni habari njema kwa wanyama, lakini maarifa ya kuutambua nayo yanaondoka. Katika kikundi kile cha watu zaidi ya ishirini aliyeutambua ni mzee mmoja tu, na hakuwa mwanachama.

Sumu hiyo inashika moyo. Mojawapo ya vitu vilivyomo madaktari wanakiita ouabain, jina lililotoka kwenye neno la Kisomali la sumu ya mishale, na zamani kilitumika hospitalini kwa kiasi kidogo sana kama dawa ya moyo. Kuna hata panya mmoja mkubwa wa msituni, mwenye manyoya marefu, anayetafuna gome la mti huu na kujipaka mate yake ubavuni. Mbwa akimng'ata huugua vibaya au hufa. Watafiti walieleza siri hiyo mwaka 2011, ingawa watu wa vijijini walikuwa wameshaona mbwa wao wakifa.

Mtasikia wengine wakisema tunda la kivai likiiva kabisa linalika. Wapo waliokula wakapona, sikatai. Lakini tunda bichi linaua, na mtoto wa miaka mitano hajui "kuiva kabisa" ni nini. Katika kikundi chenu msiseme hivyo mbele ya watoto. Pia msitumie vijiti vya mti huu kuchomea nyama wala kukorogea chakula. Watu wamewahi kufa kwa sababu ya mshikaki uliochomwa kwenye kijiti cha namna hii.

Ikitokea mtoto amekula tunda msilolijua, mtoeni mabaki mdomoni, msuuzeni kwa maji, na mpelekeni hospitali mara moja hata kama bado anacheza. Msingoje atapike. Msimtapishe kwa nguvu, wala msimpe maziwa, mafuta au maji ya sabuni, kama tulivyozoea kufundishana. Bebeni tawi lenye majani na matunda, mumwonyeshe daktari, na semeni saa aliyokula. Tawi hilo lina faida kuliko maelezo ya watu kumi.

MIIBA MINGINE MTAKAYOKUTA

Si kila kichaka cha miiba chenye matunda ni mukawa au kinafanana nao, kwa hiyo nitaje michache haraka.

Mtunguja ni mfupi, majani yake yana manyoya na rangi ya kijivu, maua ya zambarau, na matunda ya mviringo yanayogeuka manjano. Miiba yake ni midogo na iko mpaka kwenye majani. Wakikuyu wanasema mutongu, Wajaluo ochok. Matunda ni sumu, na watoto huyapenda kwa kuchezea kama mpira. Ukiota kwa wingi malishoni, mara nyingi ni dalili kwamba ardhi imelishwa kupita kiasi.

Kayaba mnaijua kwenye ua za mashule na misheni. Ilitoka kusini mwa Afrika. Miiba ni mirefu sana, majani hutoka kwa kupishana au kwa mafungu, haina maziwa, na tunda lake ni la manjano kama chungwa dogo lenye ngozi laini. Ni kali kwa uchachu lakini linaliwa na linafaa kwa jemu. Mti dume hauzai, kwa hiyo msishangae ua moja likiwa na matunda upande mmoja tu.

Halafu kuna mathenge, ambayo watu wa Baringo hawahitaji kuelezwa. Ililetwa huko miaka ya 1980 kuzuia ardhi kugeuka jangwa, ikafunga malisho na njia za maji. Mwaka 2006 wananchi wa huko walikwenda mahakamani na mbuzi aliyeharibika meno kwa sababu ya maganda yake. Nayataja hayo kwa sababu mmea mgeni ukiwa mmoja au miwili shambani ni kazi ya asubuhi moja, lakini ukingoja miaka kumi hauwezekani tena. Mkikuta mti wenye miiba, majani madogo madogo kama ya mgunga, na maganda marefu ya manjano, ripotini kwa ofisi ya kilimo au misitu kabla ya msimu ujao.

MKISHINDWA KUKUBALIANA

Katika kikundi chetu watu waligawanyika hata baada ya mzee kusema. Wengine waliona ni mambo ya kizamani. Kwa hiyo tuliamua kupeleka sampuli, na nawaeleza namna ya kuichukua kwa sababu nimeona watu wengi wakipeleka majani mawili yaliyonyauka ndani ya mfuko wa plastiki, na afisa anashindwa kusema lolote.

Kateni tawi la urefu wa mkono mmoja kutoka kiwiko hadi vidole, lenye majani, miiba kama ipo, maua na matunda. Likatwe kwa uangalifu, mikono ikiwa imefunikwa kama ina vidonda, na utomvu usiingie machoni. Litandazeni katikati ya magazeti, jani moja ligeuzwe ili mgongo wake uonekane, na juu yake wekeni ubao na mawe. Badilisheni magazeti kila siku mpaka likauke. Matunda machache yawekwe kando kwenye bahasha. Halafu karatasi moja iandikwe mambo ambayo tawi likikauka halitayasema tena: tarehe, mahali, urefu wa mti, udongo wa namna gani, rangi ya ua na ya tunda bichi na lililoiva, rangi ya utomvu, na majina ambayo watu wa hapo wanauita. Kama ni miti miwili, chukueni sampuli mbili na kila moja iwe na namba yake. Picha za simu ni nzuri kuongezea, ila pigeni karibu: mwiba, ua, na majani yanavyokaa kwenye kijiti. Picha ya kichaka kizima kutoka barabarani haimsaidii mtu.

Anzeni na afisa wa kilimo au wa misitu wa karibu. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, ina kituo Kitui kwa watu wa sehemu kavu. Na hapo Makumbusho ya Taifa, Nairobi, kuna Hebaria ya Afrika Mashariki, mahali ambapo mimea iliyokaushwa imehifadhiwa kwa maelfu ili kulinganishwa. Sampuli zetu zilikwenda na mtu aliyekuwa akisafiri Nairobi kwa shughuli nyingine. Jibu liliporudi, namba moja ilikuwa Carissa, namba mbili Acokanthera. Mzee alipoambiwa hakusema kitu, aliomba tu chai.

KIKUNDI KILIFANYA NINI

Mukawa uliachwa upande wa juu uwe ua. Mbuzi hapiti hapo, na nyuki wa yule mzee wanapenda maua yake. Ila ulipunguzwa matawi mpaka mtu akaweza kuona katikati na kuhesabu mashina, kwa maana kichaka usichoweza kukiona ndani ndicho chenye hatari. Kila shina lilikaguliwa. Mashina matatu yalikuwa kivai. Kulikuwa na mabishano hapa pia, kwa sababu mzee hakutaka vikatwe vyote. Alisema mti huo nao uliumbwa, na una kazi yake porini. Mimi nakubaliana naye juu ya porini. Lakini nyuma ya nasari ya watoto, hapana. Kikundi kilipiga kura, vikakatwa, matawi na matunda yakazikwa kwenye shimo refu mbali na kisima. Hakuna hata kijiti kilichopelekwa jikoni.

Mama mzee ndiye aliyechukua matunda ya mukawa, safari hii akifuata kila tawi kwa kidole mpaka kwenye mwiba. Waliyala wakiwa wamekaa kwenye mawe, na mbegu wakazipanda siku chache baadaye kwenye makopo, maana mbegu hizi zikikaa sana hazioti vizuri. Watoto wa nasari wanaruhusiwa kuchuma siku ambayo mwalimu au mama wa zamu yuko nao tu.

Mvua ya mwezi wa nne ilipokuja, kisiki kimoja cha kivai kilichipuka tena, majani mapya mekundu kidogo na laini. Katibu aliandika kwenye kitabu cha miniti kwamba visiki vyote vitatu vitatembelewa kila mwezi, na jina la mwenye zamu limeandikwa kando.